Wito wa Kina Dionisi

Nimefanya kazi na Balbina wodi ya wazazi kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Hakuwa na haja. Alikuwa anasimama mlangoni, anaweka kidole mdomoni, anasema, "Shii," tena kwa upole, na ndugu wa wagonjwa waliojazana na chupa zao za uji wananyamaza wote. Hata madaktari vijana walikuwa wanashusha sauti wakimwona. Alikuwa mhudumu tu, si nesi, lakini wodi ile ilikuwa yake na kila mtu alijua.

Kwa hiyo mwaka huu, mwezi wa nne, aliponipigia simu akaniambia, "Levina, njoo unisaidie kupiga kelele," nilicheka mpaka nikamwaga chai. Sikujua kwamba siku tatu baadaye nitakuwa nimekaa naye kijijini Michenga juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho wakulima wa bondeni hukaa kuamia ndege wasile mpunga, nimekauka sauti na nalia kama mtoto.

Nianze na mumewe, maana bila yeye hii habari haina kichwa wala miguu. Dionisi alikuwa fundi seremala. Nusu ya watu wa mtaa wetu wa Mlabani, Ifakara, wamelalia vitanda vyake, na wengine wamezikwa katika majeneza yake. Mtu wa Michenga, Mndamba, mchekeshaji, mwenye kelele. Balbina ni Mpogoro wa milimani kule Mahenge, alishuka Ifakara akiwa msichana kufuata kazi hospitalini. Mtu wa kelele akamwoa mtu wa shii. Chumba changu cha kupanga na nyumba yao vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro, Dionisi akirudi kutoka karakana na baiskeli yake, akifika kwenye kona ya mashine ya kukoboa, alikuwa anaachia ukelele wake: "Woo-lele-lele, hooo!" Ile hoo ya mwisho anaivuta mpaka pumzi imwishie. Kisha anasimama pale pale, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali, kichwa amekilaza upande. Balbina anatoka langoni, mwiko mkononi, kidole mdomoni. "Shii. Baba Gasper, majirani." Dionisi anacheka, anakokota baiskeli, anaingia ndani.

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, karibu kila siku. Mbwa wa mtaa walishazoea hata kubweka hawabweki. Mimi ndiyo ilikuwa saa yangu. Nikiusikia tu, nainjika ugali. Sote tulidhani ni mbwembwe zake. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Dionisi alikuwa na ekari mbili za mpunga Michenga, alizoachiwa na baba yake, na kwa miaka mingi watu wengine ndio walikuwa wakizilima. Lakini mdomoni mwake shamba lile halikukauka. Tukistaafu tutahamia, tukistaafu nitakuonyesha mama Gasper jinsi bonde linavyoamka. Kila kiangazi alikuwa anakwenda kufyatua matofali kidogo na kupandisha ukuta kidogo. Nyumba ilifika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha. Hapo moyo wake ukasimama, mchana, akiwa anapiga randa ubao wa mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba hiyo hiyo.

Miaka mitatu imepita. Jioni ya kwanza baada ya mazishi nilisahau kuinjika ugali mpaka usiku ukaingia, ndipo nikaelewa kwamba kona ile imenyamaza.

Balbina alipostaafu, mimi nilishampangia maisha. Atakaa Mlabani, atafuga kuku, atakwenda misa ya asubuhi, na jioni nitazunguka ukuta tukae barazani tuwaseme vizuri wale walioingia kazini baada yetu. Yeye akanunua mabati. Akapeleka fundi Michenga, nyumba ikaezekwa, ule mlango ukapachikwa, na mwezi wa kumi na mbili akaniambia anahama.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimwambia, "Dada, shamba lilikuwa la marehemu. Hamu ilikuwa ya marehemu. Wewe unafuata nini?"

Akafikiri. "Nataka nione alichokuwa anakisema," akajibu. "Miaka yote nilikuwa namwitikia ndiyo ndiyo huku nakoroga mboga."

Mwanawe, Gasper, alikasirika kuliko mimi. Gasper ana duka la vipuri vya pikipiki pale pale Mlabani, kijana mzuri anayempenda mama yake, ila upendo wake una amri nyingi. Alikuja barazani akasimama hataki kukaa.

"Mama, una miaka sitini na mmoja. Hujawahi kulima mpunga hata siku moja. Wewe ni mtu wa bomba na umeme."

"Kweli."

"Ukiugua huko nani atajua?"

"Sijui, mwanangu."

Mtu akikujibu hivyo huna pa kumshikia. Mwishowe wakakubaliana mbele yangu. Balbina apewe msimu mmoja. Akivuna mpunga wa kumlisha mpaka mavuno mengine, abaki Michenga na Gasper asiulize tena. Akishindwa, arudi akae nyumbani kwa Gasper, shamba lirudi kwa watu, na ile nyumba ya matofali ya Dionisi apewe mtu mwingine kabisa. Aliposikia hilo la nyumba niliona anashika ukingo wa kiti. Lakini alisema, "Sawa," kwa sauti ile ile ya wodini.

Siku ya kuhama ilikuja Kirikuu moja tu, kile kigari kidogo cha mizigo. Vilipanda kitanda, benchi la kazi la Dionisi pamoja na randa zake, sanamu ya Bikira Maria, masufuria, na magauni mawili ya kazini ambayo nilimwambia ayaache akakataa. Yeye alikaa mbele, amepakata saa ya ukutani. Gari lilipofika kwenye kona ya mashine, dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya shimo, na Balbina akageuza uso akatazama pale alipokuwa anasimama yule mwenye baiskeli. Nilirudi ndani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Kila Jumapili alikuwa ananipigia. Nilitegemea aniambie habari za huko, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza za kwetu. Mashine bado inakoboa mpaka jioni? Yule mama wa vitumbua amepita? Nani anakaa benchi letu kanisani? Nilimjibu kwamba nakaa peke yangu na watu wananibana. Nami nikimwuliza anaendeleaje, anacheka. "Huku vyura hawajui shii," alisema siku moja. Hilo ndilo lilikuwa lalamiko lake kubwa. Nilijua usiku anasikiliza saa yake ya ukutani ili asisikie ukimya wa chumba.

Kosa alilolifanya alilifanya mapema, mwezi wa kwanza, na alilifanya kwa nia njema. Watu wa upande ule wa Michenga wanapanda mpunga wa Supa, karibu wote, na wanamwaga mbegu ndani ya wiki zile zile. Wanajua wanachofanya. Mpunga ukikomaa kwa pamoja, ndege wanagawanyika katika bonde zima, kila shamba linapoteza kidogo na hakuna anayelia. Balbina hakulijua hilo. Kwao milimani ni mahindi. Aliona aibu kuuliza, akaenda sokoni Ifakara akachagua Saro, inayowahi kukomaa, ili Gasper aone mavuno mapema na wasiwasi umwishe. Majirani walimwona anapanda, wakadhani mtu aliyefanya kazi hospitali miaka yote hiyo hakosi kuwa na hesabu zake. Heshima nayo ina hasara zake.

Mwezi wa nne mpunga wake ukachanua na kuingia maziwa peke yake. Kote kulikuwa kijani kitupu, na katikati ekari mbili zimeinamisha vichwa. Kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wa bonde lote wakakaribishwa mahali pamoja.

Ndipo akanipigia simu. Nilifika Alhamisi na bodaboda, nikamkuta amekonda, amefunga kitenge kiunoni, mkononi ana mwiko na debe. Alikuwa amefunga tepu za kaseti za zamani kwenye vijiti kila upande. Zilikuwa zinametameta vizuri sana na ndege walikuwa wanatua juu yake.

"Gasper anakuja Jumapili," aliniambia kabla hata sijashusha mfuko. "Nimeshamwambia mpunga umetoka."

"Umemwambia na hawa?" Nilionyesha ndege.

Akanionyesha upande wa mfereji kwa mwiko. Nikaenda kukagua. Upande wa mfereji masuke yalikuwa yamekuwa makapi, ukiyaminya hakuna kitu. Karibu robo ya shamba ilikuwa imekwenda, na hiyo ilikuwa wiki ya kwanza. Nilipiga hesabu ya haraka kichwani: kwa mwendo ule, ndani ya siku kumi kitakachobaki hakitamfikisha hata Krismasi.

Ijumaa tulipanda dungu kabla hakujakucha vizuri. Mimi nilipiga kelele. Nilipiga kelele zote nilizozizuia wodini kwa miaka ishirini na miwili, na kufikia saa nne sauti ilikuwa imekatika. Balbina alipiga debe. Alilipiga kama anayebisha hodi kwa mtu mkubwa. Nikamwambia, "Dada, paza sauti." Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya kumwambia mgonjwa ageuke upande wa pili.

"Siwezi, Levina," alisema. "Kila nikitaka kupiga kelele naona kuna mtu amelala."

Nilitaka kucheka nikaona macho yake, nikaacha.

Mchana jua lilipokuwa kali, akapita mzee Hermenegildi, mwenye shamba la jirani, jembe begani. Ana miaka sabini hivi, alikua pamoja na Dionisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama chini ya dungu akatutazama muda mrefu.

"Shemeji," alimwambia Balbina, "ndege hawa si wa debe. Huku hatupigi debe tu. Tunaita."

"Tunaita nani?"

Mzee akaweka jembe chini. Akatuambia kwamba upande wao ule, tangu kwa babu zao, kila ukoo una wito wake. Ukipanda dungu unaita wito wa kwenu, na wa madungu mengine wanaitika, hivyo kila mtu anajua nani yupo na yupo wapi. Zamani tembo na viboko walikuwa wengi, na wito usiojibiwa ulikuwa na maana moja tu, kwamba mtu ameumia. Kwa hiyo wito hauachwi hivi hivi. Ukiusikia unaitika, hata kama huna shughuli shambani siku hiyo.

"Hata tukirudi nyumbani jioni," alisema, "ukifika kwenye kona unaita, unasimama. Mkeo anaitika kutoka ndani. Unajua kwako ni salama, unaingia. Vijana wa siku hizi wanapiga simu."

Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya dungu. Sikuthubutu kumtazama Balbina.

"Wa kina Dionisi haujasikika hapa tangu baba yake afariki," mzee aliendelea. "Sisi tumekaa kimya kwa sababu hatujui tuitike nini. Shemeji hujaita."

"Unasemaje huo wito?" niliuliza kwa hicho kisauti kilichobaki.

"Wa kwao huo, dada yangu. Mimi siwezi kuutia mdomoni mwangu." Akamgeukia Balbina. "Dionisi hakukuachia?"

"Hakuniambia kitu," Balbina alisema.

Mzee akachukua jembe lake, akaaga, akaondoka polepole kwenye tuta. Balbina aliweka debe chini. Alikaa akitazama mikono yake.

"Levina. Ile ya kwenye kona ya mashine."

"Ndiyo, dada."

"Alikuwa anasimama."

"Alikuwa anasimama."

Tulipika, hatukula. Aliosha vyombo ambavyo havikuwa na kitu, akafuta vumbi kwenye benchi la Dionisi, akalifuta tena, akaenda kulala.

Jumamosi alfajiri nilimkuta ameshaamka, amevaa gauni la kazini juu ya kitenge kwa sababu ya umande. Tulipanda. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga na kwelea walikuwa wanaanza kushuka, kundi baada ya kundi. Balbina alisimama, akashika nguzo, akafungua mdomo.

"Woo-lele," alisema.

"Dada, hao ndege wanakushukuru kwa huduma," nilimwambia.

Akanikata jicho. Akajaribu tena, sauti ikafika labda nusu ya jaruba la kwanza. Akafumba macho. Sijui alikuwa anaona nini, lakini niliona amelaza kichwa upande, na mguu mmoja ameutanguliza kama unatafuta pedali. Akavuta pumzi ndefu.

"Woo-lele-lele, hooooo!"

Mungu anisamehe, nywele zilinisimama. Ilikuwa yenyewe, na ile hoo ya mwisho aliivuta mpaka mwisho kama mwenye nayo. Nilikuwa nimerudi jikoni kwangu Mlabani, nimeshika sufuria ya ugali, na ukuta wa pili kuna mtu mzima anacheka. Kwelea waliruka wote kwa mara moja, wakageuka hewani na kwenda zao upande wa mto.

Kisha pakawa kimya. Balbina alibaki amesimama na kichwa chake upande, anasikiliza.

Upande wa mfereji, katika shamba la mpunga mbichi ambao hauna hata suke moja la kulindwa, sauti ya mzee ikajibu, "Hee-yaya, hoo!" Mzee Hermenegildi alikuwa juu ya dungu lake. Alikuwa hapo tangu saa ngapi sijui. Nyuma yake ikaitika ya mama mmoja, Restuta, tena kali kuliko ya mzee. Na kule mwisho kabisa ikatoka ya Masalu, Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe akaishia kulima, na wito wake ameutunga mwenyewe, una mluzi ndani yake. Wote mpunga wao ulikuwa bado mbichi. Walikuwa wamepanda madungu kwa ajili ya shamba la mwenzao.

Balbina alikaa chini. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, nami nilikuwa nalia pia.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Mtu anaita langoni kwangu, anasimama anasubiri nimwitikie. Na mimi namwekea kidole mdomoni."

Nilimwambia kwamba Dionisi alikuwa anacheka, hakuwahi kukasirika. Alisema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomuuma zaidi. Kundi jingine la kwelea lilikuwa linakuja, akasimama akaliitia, na bonde likaitika tena.

Jumapili Gasper alikuja na pikipiki baada ya misa. Tulimwona kwa mbali kwenye tuta, na wakati ule ule ndege wakashuka, Balbina akaita. Pikipiki ilizimwa. Gasper alibaki amekaa juu yake, mguu mmoja chini, nami nilihesabu sauti tatu zikiitika kutoka mashambani na yeye bado hajashuka. Alipofika chini ya dungu alikuwa amevua kofia yake ya pikipiki na ameikumbatia. Hakutazama upande ulioliwa wala mpunga uliobaki. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu ya kumtetea mama yake, yakabaki mdomoni.

"Shikamoo mama," alisema. "Nimemsikia baba."

"Marahaba," Balbina alijibu. "Ukimsikia tena, itika. Panda huku, Levina hana sauti."

Akaacha kofia yake kwenye ngazi, akapanda.